Jiwe la Tatu Liko Kizuizini

Kiplombe, Eldoret
12 Mei 1984

Wifi yangu Seline,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Sisi ni wazima. Ndugu yako Jacktone ni mzima, na tumbo lake linaendelea kukua, kwa hivyo akikuandikia kwamba namshindisha njaa usimsikilize. Mvua imetukataa mwaka huu. Mama yangu kule Chepsaita ameuza ng'ombe mmoja kabla hajajifia mwenyewe. Kiwandani bado tunazunguka shifti, wiki moja asubuhi, wiki moja usiku, na pamba inanikalia kichwani mpaka Jacktone ananiita nyanya mwenye mvi.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Mama yenu amefika.

Alisema ukame umemaliza shamba la Seme na amekuja kukaa nasi mpaka Krismasi. Vizuri, karibu. Alishuka kwenye basi na kuku, kikapu, na gunia ambalo utingo alikataa kulishika mara ya pili. Ndani kulikuwa na mawe. Mafiga, Seline, kutoka jikoni kwake, kwa sababu alisikia mke wa mwanawe anapika juu ya stovu na hakuna mtu aliyewahi kumwekea jiko. Hilo ni kweli. Mimi na Jacktone tulioana ofisini kwa DC, tukanywa soda, na Jumatatu nikarudi kazini. Sikujua kwamba kwenu mke si mke mpaka mama mkwe amwekee mafiga matatu kwa mkono wake. Wewe ulijua na ukanyamaza ukinywa soda yangu.

Mawe yalitoka Seme yakiwa matatu. Njiani kulikuwa na kizuizi, askari akafungua gunia, akauliza mawe ni ya nini. Mama akasema ni ya kupikia. Askari akasema hata wanafunzi wa university walisema hivyo kabla ya kuyarusha. Akauliza kama Eldoret hakuna mawe, na Mama akamjibu kwamba ya Eldoret hayamjui. Hapo askari akaona heri achukue moja akamwonyeshe mkubwa wake. Kwa hivyo jiwe letu la tatu liko kizuizini, halijafunguliwa mashtaka, na hakuna anayejua litatoka lini.

Mafiga mawili hayapiki, na Mama hagusi chakula changu. Kila jioni anachukua sahani yake ya bati, anakatiza ploti nzima akisalimia kila mlango, anaenda kula kwa Mama Perez, jirani yetu wa kutoka huko kwenu, mwenye jiko la kuni nyuma ya nyumba. Majirani wameacha kusikiliza redio, wananitazama mimi. Ndugu yako anakula kwangu, kisha anamsindikiza Mama na kula tena kule. Na Mama amesema wazi kwamba Krismasi ikifika kama hajala kwa mkono wangu, ataenda kuwaambia watu wenu kwamba Jacktone amepanga chumba na mfanyakazi wa kiwanda, lakini hajaoa. Nimecheka nikiandika, lakini siku alipoyasema nililia chooni.

Anasema jiwe lingine la Seme litafaa, mradi liletwe na binti wa boma. Binti ni wewe. Kutoka Kisumu hadi Seme ni karibu. Chukua jiwe, panda basi, njoo.

Na kabla hujaja, nifundishe kupika kitu cha haraka kitakachomvuta. Natoka shifti nimechoka, na chakula cha haraka cha kwetu unakijua: unakata ugali, unamimina mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kutoka kwenye kibuyu, umemaliza. Mama aliangalia yale maziwa na majivu yake akauliza kama nyumba ya kwetu iliwahi kuungua.

Wako,
Jemutai


Kisumu
27 Mei 1984

Wifi yangu Jemutai,

Salamu zako zimefika zikiwa bado na baridi. Huku ni joto, vumbi, na foleni ya unga. Mimi ni mzima, nashinda nimevaa vile vyuma vya masikioni nikiunganisha watu wazima wasiojua kupiga simu zao wenyewe. Barua yako niliisoma kazini na nikacheka mpaka bwana mmoja wa Nairobi akauliza kwenye laini ni nani anamcheka.

Lakini mambo ya kizuizini na mashtaka usiyaandike tena. Mimi nafanya kazi kwenye simu, najua watu wanavyosikiliza, na bahasha ni rahisi kufungua kuliko simu. Andika tu kwamba jiwe limepotea.

Sasa chukua kalamu. Omena. Najua nyinyi watu wa milimani mnaogopa macho ya dagaa wetu wa ziwa, lakini hayakujui. Chukua kikombe kimoja, zimwagie maji ya moto, suuza mpaka mchanga uishe, kisha zikaange kavu kwenye sufuria hadi zianze kulia. Ndipo utie mafuta kijiko kimoja, kitunguu kimoja kidogo, nyanya moja, chumvi. Ukitaka zipendeze, malizia na maziwa kidogo, yasiwe yale yenu ya moto wa nyumba. Ugali ukiiva na zenyewe ziko tayari.

Siku za shifti ndefu, pika ndengu bila kuwepo. Zilowekwe usiku. Asubuhi zichemshe kwa muda wa kuoga na kuvaa, zimimine ndani ya chupa ya chai pamoja na maji yake ya moto, funga sana, nenda zako. Ukirudi zimejipika. Unakaanga kitunguu, unazitupia, unakula ukiwa bado na viatu miguuni. Mimi hufanya hivyo karibu kila siku.

Jiwe nitaleta. Ni mambo ya ruhusa tu, labda mwezi ujao. Bwana wangu Eliakim anawasalimu sana. Andika kwa sanduku hili la ofisi, lile la nyumbani lina matatizo ya ufunguo.

Wako mpishi mkuu,
Seline


Kiplombe, Eldoret
19 Juni 1984

Mpishi mkuu,

Huku tunaendelea. Baridi imezidi, Jacktone analala na soksi mbili, na Mzee Kipkorir mwenye ploti amepandisha kodi akisema ni kwa sababu ya ukame, kana kwamba sisi tunakunywa nyumba.

Omena zako nilizipika Jumapili. Nilizipika vizuri, na macho yao nikayatazama. Harufu ikatoka, Mama akainuka mwenyewe kutoka kitandani akaja mlangoni. Nikaweka bakuli mezani. Seline, zilikuwa zimekaa chini kabisa ya bakuli, hazijafika hata kwenye ua lililochorwa pembeni. Jacktone akauliza zingine ziko wapi. Mama akasema ni vizuri kuonja kabla ya kupika, akachukua sahani yake akaenda kwa Mama Perez. Kikombe chako ni cha mtoto, ama wewe na Eliakim siku hizi mnafunga kula?

Ndengu nazo zilinitii. Niliziacha ndani ya chupa, nikarudi, zimeiva, nikazikaanga, Jacktone akala akafurahi. Kosa ni la kesho yake. Mwenyekiti wa tawi alikuja kukagua kadi za chama nyumba kwa nyumba. Mgeni kama huyo hapewi maji tu. Nikamkaribisha chai kutoka ile chupa, maana ndiyo moja niliyo nayo. Akanywa. Akachungulia kikombe. Akauliza hii chai tunaipata wapi. Mama, ambaye wiki nzima hakuwa amesema neno kuhusu jiko langu, akajibu kwamba mkwewe hupika chai na ndengu pamoja ili kuokoa muda wa kujenga taifa. Mwenyekiti akamaliza kikombe chote. Alipotoka, mimi na Mama tulicheka mpaka tukashikana, ndiyo mara ya kwanza.

Halafu jioni ikafika akachukua sahani yake.

Unaona nilivyo karibu? Lete hilo jiwe. Mwezi uliosema ni huu.

Jemutai


Kisumu
2 Agosti 1984

Wifi yangu,

Nisamehe kuchelewa. Kazi imekuwa nyingi, msichana mmoja hapa amejifungua na mwingine ameacha kazi, kwa hivyo nakalia viti vitatu. Mimi ni mzima. Nilipata malaria kidogo ikaenda. Chai ya mwenyekiti nimewasimulia watu wote hapa bila kutaja jina la mji.

Ruhusa ya kuleta jiwe bado sijapata. Na Seme penyewe siku hizi sipendi kupita, kila mtu ana maswali. Kwani Jacktone hana miguu? Si naye ni mtoto wa boma?

Omena zilikuwa chache kwa sababu sikusema uzizidishe. Hesabu mwenyewe. Haya, chukua nyingine ya kuokoa jioni: mayai ndani ya sukuma. Kata sukuma wiki nyembamba, majani manne matano. Kaanga kitunguu nusu na nyanya moja mpaka ziwe uji, tia sukuma, geuza mara mbili tu zisife. Fanya shimo katikati, pasua yai moja, funika, zima stovu, liache liive kwa joto lililobaki. Unakulia hapohapo kwenye sufuria, hakuna vyombo vya kuosha.

Eliakim yuko safari.

Seline


Kiplombe, Eldoret
20 Agosti 1984

Seline,

Sisi tuko wazima kidogo. Nasema kidogo kwa sababu nina kidonda cha moto mkononi, nitakueleza. Unga umekuwa wa njano, ule wa mahindi ya Amerika, na ugali wake unafanana na keki iliyokasirika. Mama anasema hata ng'ombe wake marehemu wangeuliza kwanza.

Jacktone anasema miguu anayo, lakini Mama amesema mwanamume habebi figa la mkewe. Basi mimi nikachoka kungoja. Niliteremka mtoni Sosiani, nikachagua jiwe zuri, la mviringo, nikalipaka masizi ya stovu lionekane limefanya kazi. Jumamosi nikayapanga matatu nyuma ya nyumba, nikamwambia Mama jiwe la tatu limefika, limeletwa na mtu kutoka Kisumu. Alilitazama. Nikawasha kuni, nikaweka sufuria ya sukuma na mayai, mayai sita, maana nimejifunza kuhesabu mapishi yako.

Mawe ya mtoni yakipata moto hupasuka. Wewe mtu wa ziwa ungeniambia. Lilipasuka kwa kishindo mpaka Mama Perez akalala chini akidhani risasi za themanini na mbili zimerudi. Sufuria ikapaa, mayai yakamwangukia jogoo wa Mzee Kipkorir, na Mzee akapiga marufuku moto wa kuni kwenye ploti yake yote. Hata jiko la Mama Perez limefungwa. Sasa Mama anakula mkate na ndizi, basi, na Mama Perez haongei nami.

Mama alinifunga mkono kwa leso yake mwenyewe. Akaniambia polepole kwamba alijua tangu mwanzo jiwe si la Seme. Akasema pia kwamba chakula cha haraka anakiona ni cha mtu anayekimbia kitu, na akaniuliza mimi nakimbia nini. Nilimwambia nakimbia shifti.

Lakini swali lake lilibaki nami, wifi, na nalihamishia kwako. Yai moja. Nyanya moja. Nusu kitunguu. Kulia kwenye sufuria. Barua kwa sanduku la ofisi. Nimepika mapishi yako yote na yote ni ya mtu mmoja. Eliakim anakula wapi?

Jemutai


Kisumu
15 Septemba 1984

Jemutai,

Natumaini mkono umepona.

Nilikufundisha kupika kwa sababu uliomba. Sikukuomba unipimie sufuria. Mambo ya nyumba yangu ni ya nyumba yangu, na mtu anayelipaka jiwe masizi amdanganye mama mkwe wake asinifundishe ukweli.

Kuhusu jiwe, tafuteni mtu mwingine. Sina nafasi, na sioni kwa nini mimi ndiye nihangaike kusimamisha jiko la mtu. Kama Mama anataka kutembea na sahani, atembee. Wako wanaotembea na sahani mpaka siku moja hawarudi nayo.

Salimia Jacktone.

Seline


Kiplombe, Eldoret
6 Oktoba 1984

Wifi yangu Seline,

Salamu kwanza, hata kama umenikasirikia. Mkono umepona, umebaki na alama. Mvua ndogo imenyesha siku mbili, watu wakatoka nje kuitazama. Jacktone amepewa shifti ya mchana na anajisifu kana kwamba ameifuma mwenyewe.

Naomba msamaha kwa jinsi nilivyouliza. Kuuliza kwenyewe sijutii.

Barua yako ya mwisho niliisoma mara nyingi, hasa pale pa sahani, na nikaelewa kitu ambacho sikutaka kukielewa. Sikumwonyesha mtu. Lakini Mama ana macho. Jioni hiyo alinikuta nimekaa mbele ya stovu nikipika mayai kwenye sukuma, yale yako, na nilikuwa natoka shifti nimechoka, kwa hivyo nilipika kama ulivyosema, yai moja, niwahi kulala. Akauliza nani amenifundisha kupika hivyo. Nikasema Seline. Akasogea akatazama lile yai moja kwenye sufuria. Kisha akasema, "Mtoto wangu anakula peke yake."

Akaketi juu ya debe, na siku hiyo hakwenda kutafuta mkate wala ndizi. Nilikula mbele yake, yeye akinitazama, na ilikuwa aibu kuliko siku zote alizopita ploti na sahani. Nilipomaliza akaanza kuongea, na nakuandikia maneno yake kama yalivyo kwa sababu aliniambia niyaandike hivyo.

"Mwandikie alete jiwe. Mlangoni sitamuuliza habari za mume, na yeye asianze kunieleza. Alete jiwe, tuliweke na yale mengine, hiyo stovu yako ikae katikati. Siku hiyo nitakula, hata ikiwa ni yai."

Nikamuuliza kama inaruhusiwa stovu kukaa katikati ya mafiga. Akasema mafiga ni yake, na mwenye kutoa ruhusa ni yeye, na Mzee Kipkorir alikataza kuni, hakukataza mawe.

Mimi sitaki tena jiwe kwa sababu ya Krismasi na ya watu wenu. Watasema wanavyotaka. Nataka uje kwa sababu nakupenda, wewe mpumbavu, na kwa sababu nimechoka kuzidisha mapishi yako peke yangu.

Jemutai


Kisumu
26 Oktoba 1984

Wifi yangu Jemutai,

Mimi ni mzima. Safari hii nasema kweli.

Nilitoka kwa Eliakim Januari. Hakunipiga, hakuleta mwanamke mwingine, ndiyo maana sikujua nitamwambia mtu nini. Nilikuwa natoka kazini jioni napika haraka, kama ninavyokufundisha, na nilipika vizuri. Akaanza kusema chakula hakijapikwa, kimetishwa. Akaanza kupitia kwa mama yake kabla ya kufika nyumbani. Halafu akawa anabeba sahani yetu, anakatiza mtaa nayo mchana kweupe, na watu wananisalimia kwa huruma. Mwaka mzima. Siku moja nilipika omena, nikaona nimepima kikombe kimoja bila kufikiri, na nikajua sina mume. Nikafunga nguo zangu. Sasa nina chumba Kondele chenye dirisha na stovu, na nalala vizuri, hilo pia uliandike moyoni.

Kwa hivyo uliponiambia Mama anatembea na sahani, sikuweza. Mama yangu mwenyewe anamfanyia mke wa ndugu yangu nilichofanyiwa, na mimi ndiye nibebe jiwe. Nilikasirikia watu wote, nikakupa wewe hasira kwa sababu una sanduku la posta.

Jumapili nilikwenda Seme. Jirani akaniuliza bwana hajambo, nikamwambia hajambo sana, anakula vizuri. Jikoni kwa Mama pamepoa, panya wamepanga. Nilikaa chini pale yalipokuwa mafiga, nikalia kidogo, kisha nikatafuta nyuma ya ghala mpaka nikapata jiwe lenye ukubwa sawa. Si la mto. Nimelifunga kwa leso. Askari akiuliza nitamwambia ni keki ya wifi yangu, na akitaka kuonja aonje.

Mwambie Mama mlangoni sitaeleza, lakini kwenye chakula nitaeleza yote, na la sahani atalisikia kutoka kwangu, kwa hivyo sahani yake asiiache mbali.

Nafika Jumamosi ya wiki ijayo kwa basi la mchana. Omena naleta mimi, kopo zima la gorogoro. Wewe songa ugali wa watu wanne.

Wako,
Seline